Taa Nyekundu Si Kinga

Stima ikipotea jioni sote hulalamika gizani. Lakini hasara mara nyingi huja inaporudi kwa kishindo. Hivyo ndivyo zilivyoungua runinga na spika nilizodunduiza pesa miaka miwili kuzinunua. Nilikuwa nimezichomeka kwenye ekstensheni yenye taa nyekundu, nikidhani taa hiyo ni kinga. Kumbe ilionyesha tu kwamba stima ipo!

Ukienda dukani, soma maandishi. Kinga ya kweli huwa na nambari yenye herufi J, yaani jouli: kiasi cha nishati inachoweza kumeza. Kwa runinga na spika, tafuta 1,000 au zaidi. Stima yetu ni volti 240. Ongeza kifaa kinachoikata ikizidi au ikipungua mno, kisha kikangoja dakika chache kabla ya kuirudisha.

Nyumbani, fundi akague waya wa kijani na manjano unaoshuka ardhini. Bila huo, kinga nyingi hazina pa kuutupa umeme uliozidi.

Na mawingu ya radi yakitanda, chomoa vyote, hata waya wa antena. Radi haina mshindani dukani.

Tahadhari kabla ya hatari.