Pima Kwanza, Ndipo Ubadilishe

Gari langu, mtumba kutoka Japani, lina umri unaozidi miaka 20. Mwaka jana lilianza kugoma asubuhi. Fundi wa kwanza aliinua boneti, akatazama, akatamka: betri. Nikanunua betri. Baada ya wiki tatu likagoma tena, na fundi wa pili akachomoa waya wa betri injini ikiwaka, akatoa hukumu: alteneta. Nikanunua alteneta. Gari likaendelea kugoma. Fedha zilikuwa zimekwisha kutoka, na hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo, aliyekuwa amepima chochote.

Fundi wa tatu alikuja na kipima volti, chombo kidogo kisichogharimu hata robo ya bei ya betri. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6 gari likiwa limezimwa. Injini ikiwaka, mfumo mzima wa kuchaji husoma kati ya 13.8 na 14.4. Aliwasha gari, akapima kwenye alteneta: 14.2. Akapima kwenye betri: 12.4. Umeme ulikuwa ukizalishwa vizuri, ila haukufika. Akaufuata njiani. Upande wa chanya ulipotea 0.1 tu. Kati ya injini na ncha hasi ya betri zilipotea 1.7. Waya wa ethi ulikuwa umeliwa na kutu pale unapofungwa kwa bolti. Akausugua kwa msasa, akaukaza. Betri niliyoitupa haikuwa na kosa.

Akanionya pia juu ya ile desturi ya kuchomoa waya wa betri injini ikiwaka. Volti huweza kupanda ghafla, zikaunguza alteneta na kompyuta ya gari. Kumbe kuna uchunguzi unaozaa ugonjwa ambao haukuwapo.

Nimelikumbuka gari hilo kila ninaposikia habari za ofisi zetu. Maji yasipotoka, tunamwondoa meneja. Wanafunzi wakifeli, tunabadili mtaala. Dawa zikikosekana zahanati, tunamhamisha mganga mfawidhi. Anayeingia hukuta kutu ileile: fedha zilizoidhinishwa zisizofika, saini zinazosubiriwa miezi, taarifa zinazokwama mezani. Baada ya muda naye hugoma, nasi tunatafuta betri nyingine.

Si kwamba hatuna kipimo. Ibara ya 143 ya Katiba ya Tanzania inamtambua Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na kila mwaka ripoti zake hufika bungeni. Hicho ni kipima volti cha taifa. Lakini tunazisoma vipi? Kwa wiki moja tunatafuta majina ya kulaani, kisha tunazifunga. Ni wachache wanaofuata waya kutoka hazina hadi kijijini ili kuuliza ni kwenye kiungo gani hasa volti zilipotea.

Sitetei wazembe wala wezi. Zipo betri zilizokufa kweli, na hazina dawa ila kuondolewa. Lakini kipimo ndicho kitakachotuonyesha hilo pia, na kitamwokoa mtumishi mwaminifu asibebeshwe kosa la waya. Kumwondoa mtu bila kupima kuna mvuto wake: kunaonekana, kunapigiwa makofi, na kunamwacha salama aliyepaswa kuusafisha waya. Gharama humrudia mwananchi, kama ilivyonirudia mimi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma ni moja. Mtakapoambiwa kwamba tatizo limemalizwa kwa kumbadilisha mtu, ulizeni maswali matatu: kilipimwa nini, kilipimiwa wapi, na kimepimwa tena baada ya matengenezo? Fundi yule hakuondoka hadi alipoweka tena kipimo kwenye betri na kusoma 14.1.