Huenda, Labda na Kuweza: Tusiache Vipimo vya Shaka Vipotee

Naomba nianze nyumbani Ukunda. Miaka michache iliyopita bibi yangu mzaa mama alipewa vidonge vya mafua. Katika kijikaratasi kilichoandamana na vidonge hivyo, ambacho kilikuwa kimefasiriwa kutoka Kiingereza, mlikuwa na sentensi hii: "Dawa hii inaweza kuleta usingizi." Bibi alikuwa amelalamika wiki nzima kwamba halali. Aliposomewa maneno hayo alifurahi kupata dawa yenye uwezo kama huo, na usiku akameza vidonge viwili badala ya kimoja. Hakuamka kwa adhana wala kwa kuitwa. Aliamka adhuhuri, maneno hayamtoki sawasawa na miguu haimchukui, ilhali sisi tumekwisha kumwitia tuktuk ya kumkimbiza hospitali. Alhamdulillahi, alipona.

Nani alaumiwe? Bibi hakukosea kuelewa. Aliielewa sentensi kama alivyoielewa tangu utotoni: mwenye kuweza ana uwezo, na uwezo ni sifa. Mwandishi wa Kiingereza alikuwa ametaja hatari. Mfasiri akaandika sifa. Dai la makala haya ni kwamba kosa la aina hii linaenea katika tafsiri zetu na hata katika insha zetu wenyewe, na kwamba chanzo chake ni kukibebesha kitenzi "-weza" kazi ambayo Kiswahili kimewagawia wengi.

Tuwatazame kwanza wenye Kiingereza. Wao hudhihirisha uwezekano kwa vitenzi visaidizi kama "may", "might" na "could", lakini aghalabu hawatosheki navyo, huviongezea kielezi. Jambo hili limechunguzwa kwa kina na wataalamu, akiwemo John Lyons katika kitabu chake cha semantiki cha mwaka 1977, na Leo Hoye aliyetoa kitabu kizima juu ya vielezi na uwezekano katika Kiingereza mwaka 1997. Kielezi hicho hakifanyi kazi moja. Katika "may possibly" kinapatana na kitenzi: maneno ni mawili, lakini shaka ni moja. Katika "may well" kinaongeza matarajio, na hakina uhusiano wowote na "vizuri" tunayofundishwa kuwa ndiyo maana ya "well". Katika "can't possibly" kinaufunga mlango kabisa. Na mtu akiuliza "could you possibly", hana shaka yoyote juu ya uwezo wa anayeulizwa. Anaomba kwa adabu tu.

Mfasiri anayefuata neno kwa neno hana budi kupotea hapa. Ataandika "angeweza labda kuja" na "anaweza vizuri kuwa mgonjwa", na msomaji atabaki akijikuna kichwa.

Je, Kiswahili ni maskini wa vipimo vya shaka? Hasha! Tazama hazina tuliyo nayo. "Pengine" ni mahali pengine au wakati mwingine: mambo yaweza kuangukia upande wa pili. "Yamkini" tumeipata kutoka Kiarabu, kwa maana ya "inawezekana". "Asaa", pia ya Kiarabu, ina shaka yenye tumaini ndani yake: "Asaa Mola akatujalia mvua." Ndiyo maana haimfai mtu anayeogopa gharika. "Labda" nayo ina kisa cha kustaajabisha. Asili yake ni maneno ya Kiarabu yenye maana ya "hakuna budi", yaani jambo la lazima. Huyu "budi" tunaye hadi leo katika "sina budi", na hajapoteza ulazima wake. Nduguye "labda" ndiye aliyelegea hadi akawa neno la shaka.

"Huenda" ndiyo fundi wao. Ni kitenzi "enda" chenye kiambishi "hu-", na hakikai katika sentensi kama pambo. Hukitawala kitenzi kinachofuata. Twasema "huenda akaja", na tukikanusha twasema "huenda asije". Tukizungumzia yaliyopita twasema "huenda alikuja". Kinachobebwa na kielezi katika Kiingereza, hapa kimeshonwa ndani ya umbo la kitenzi.

Fauka ya hayo, kuna ngazi. Mvuvi wa Gazi au Msambweni akiambiwa "huenda upepo ukavuma", atatazama mawingu. Akiambiwa "yaelekea upepo utavuma", ataahirisha safari ya mbali. Akiambiwa "upepo haukosi kuvuma leo", atavuta ngalawa yake pwani. Lakini je, akiambiwa "upepo unaweza kuvuma"? Hiyo si habari. Upepo umekuwa na uwezo wa kuvuma tangu kuumbwa kwa dunia.

Hili si suala la darasani pekee. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikikaribia pwani ya Tanzania, tahadhari zilitolewa kule na huku kwetu Kenya pia, maana bahari ni moja. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina desturi ninayoipenda katika tahadhari zake za Kiswahili: hutaja uwezekano wa jambo kutokea mbali na ukubwa wa athari zake, na kuupima uwezekano huo kwa maneno mdogo, wastani na mkubwa. Hapo msikilizaji anajua kipimo cha shaka alichopewa.

Kosa hili pia husafiri kinyume, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Nimewasikia mara nyingi vijana wa mashua katika ufuo wa Diani wakiwauzia wageni safari za Wasini na Hifadhi ya Bahari ya Kisite. Mgeni huuliza kwa tahadhari za Kiingereza chake kama pengine watabahatika kuwaona pomboo. Kijana, akiwa na "mwaweza kuwaona" kichwani, humjibu "you can see". Mgeni husikia ahadi. Pomboo wasipotokea, mmoja hudai arudishiwe pesa, mwingine huapa kwamba hakuahidi kitu, na wote wawili ni wakweli. Na kijana akisema "inshallah", ambayo kwetu ni kumkabidhi Mwenyezi Mungu jambo ambalo mja hana hukumu nalo, mgeni hudhani anapigwa chenga.

Najua watakaonipinga. Watasema kwamba "-weza" ya uwezekano ni ya wenyewe Waswahili, na kwamba "lolote laweza kutokea" ni Kiswahili safi. Nakubali, na hata mimi nimeitumia humu. Mahali ambapo mtendaji hana uwezo wa kusifiwa, kama katika "yaweza kuwa", hakuna atakayepotea. Hatari huingia pale panapokuwa na mtu, dawa au chombo chenye uwezo halisi, kwa kuwa hapo msikilizaji atashika maana ya karibu. "Shahidi anaweza kuwa alimwona mshtakiwa" ina utata ambao "huenda shahidi alimwona mshtakiwa" haina, na mahakamani utata huo ni uhuru wa mtu.

Wengine watauliza kuhusu "labda huenda" inayosikika kila siku. Binafsi siioni kuwa dhambi. Ni jozi ya upatano kama zile za Waingereza. Ninachokataa ni kuidhania kuwa ni shaka maradufu. Anayetaka kupunguza uwezekano na aseme "ni vigumu" au "sidhani", asirundike vielezi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya lugha hii kuwa rasmi sambamba na Kiingereza. Urasmi huo utakuwa jina tupu ikiwa ilani, vyeti vya dawa na tahadhari zitaendelea kuwa Kiingereza kilichovishwa kanga. Nawaomba wahadhiri wetu wautenge uwezekano kama somo kamili katika kozi za tafsiri, badala ya kuugusa katika orodha ya vielezi. Nasi wanafunzi, kila tukutanapo na "may" katika matini, tujiulize kabla ya kuandika: huu ni uwezo, ni ruhusa, ni hatari, au ni tumaini? Kisha tumtafute mwenye kazi hiyo.

Bibi bado anakitunza kile kijikaratasi. Mwezi uliopita nilimwandikia nyuma yake kwa kalamu: "Tahadhari: huenda dawa hii ikakulevya kwa usingizi." Alisomewa, akatikisa kichwa, akasema, "Mjukuu wangu, mbona hawakusema hivyo tangu mwanzo?"