Bahari Haiko Mbali na Rhotia



Mahubiri mengi niliyosikia kuhusu mazingira huishia mahali pamoja: tupande miti. Nimepanda, na nitapanda tena. Lakini tukiishia hapo tunawaficha waamini jambo zito.

Hapa Rhotia tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na wazee wengi hawajawahi kuiona. Hata hivyo mvua ya mahindi na mbaazi zetu, kwa sehemu kubwa, ni unyevu unaoletwa na pepo kutoka Bahari ya Hindi. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada lililosababishwa na hewa ukaa na gesi za aina yake limeingia baharini. Maji yakipata joto hutanuka. Barafu nayo inayeyuka. Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda sentimita 20 hivi, na sasa unapanda kwa kasi zaidi.

Joto hilo halitoki upesi. Hata viwanda na magari yote yakizimwa leo, bahari itaendelea kupanda kwa karne nyingi. Mafrateri wenzangu, mwizi wa ng'ombe akiungama anasamehewa, lakini ng'ombe bado anadaiwa. Na mdeni mkuu hapa si mama wa Rhotia anayepika kwa kuni. Ni mataifa yaliyotajirika kwa makaa ya mawe na mafuta. Baba Mtakatifu Fransisko aliliita deni la kiikolojia katika Laudato Si', mwaka 2015. Mbona sisi tunaona haya kulitaja kanisani?

Deni lisipolipwa, anayeumia ni jirani. Vuli ya 2023 Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida, tena El Niño ilikuwepo. Mvua ilizidi. Desemba 3, tope kutoka Mlima Hanang liliifunika Katesh, ndani ya jimbo letu la Mbulu, na watu zaidi ya 80 walifariki.

Kwa hiyo naomba, kabla ya vuli, kila Jumuiya Ndogo Ndogo itembelee makorongo yake, izibue mitaro, itengeneze makingamaji, na iseme wazi nani ahamishwe na nani amsaidie kujenga. Mimi peke yangu nimehesabu nyumba tatu ukingoni mwa korongo moja. Katika mojawapo analala bibi na wajukuu wake wawili.