Pokémon na Kifafa: Mwanga Ndio wa Kuchunguzwa

Mtoto anapoanguka kifafa akiwa na mashine ya michezo mkononi, wazazi wengi humwona mkosaji papo hapo. Mashine hufungiwa kabatini, na tiba huhesabiwa kuwa imepatikana. Hofu hiyo inaeleweka. Kosa ni kuufanya uamuzi huo kuwa mwisho wa uchunguzi.

Pokémon ni mmoja wa michezo inayotajwa katika tuhuma hizi. Ulitolewa Japani Februari 1996 kwa ajili ya Game Boy. Mbunifu wake, Satoshi Tajiri, alipenda kukusanya wadudu utotoni. Mchezaji naye hunasa viumbe vya kubuni, huvilea, huvishindanisha na kubadilishana na wenzake. Sifa mbaya, hata hivyo, haikutokana na mashine hiyo. Tarehe 16 Desemba 1997, katuni ya televisheni iliyotokana na mchezo huo ilionesha miale myekundu na ya buluu ikipokezana takriban mara 12 kwa sekunde. Watu zaidi ya 600, wengi wao watoto, walipelekwa hospitalini. Katuni ilisimamishwa kwa miezi minne.

Kilichodhuru si viumbe wala hadithi, bali mwanga. Kwa watu wachache, mwanga unaomweka kwa kasi husababisha seli za ubongo zinazohusika na kuona kufyatua umeme kwa pamoja. Hali hiyo huwapata takriban watu 3 kati ya kila 100 wenye kifafa, hasa watoto na vijana. Skrini kubwa, chumba chenye giza na uchovu huongeza hatari. Skrini ndogo ina nafuu kwa sababu huchukua sehemu ndogo ya upeo wa macho. Nafuu hiyo hupotea mtoto anapoisogeza karibu na uso, usiku, chini ya shuka.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya asiridhike na kuuliza mtoto hucheza saa ngapi. Aulize kama taa ilikuwa inawaka, kama mtoto alilala vya kutosha, na kama amewahi kuanguka akiwa mbali na skrini. Swali hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Jibu likiwa ndiyo, kifafa kitabaki hata mchezo ukiondolewa. Mtoto huyo anahitaji kipimo cha umeme wa ubongo na pengine dawa za kila siku. Kumnyang'anya mchezo peke yake ni kumwadhibu kwa ugonjwa wake.

Mzazi naye ana wajibu. Degedege likitokea, amlaze mtoto kwa ubavu, asimtie kitu chochote mdomoni, na atazame saa. Likizidi dakika 5, mtoto apelekwe hospitali bila kukawia. Akishapona, asimulie yote yaliyotokea, wala asione haya kutamka neno kifafa.