Usilaumu mashine, tazama waya

Mpwa wangu wa Nyamira alimaliza chuo cha ufundi akarudi nyumbani na hamu ya kutengeneza mageti na madirisha. Dada yangu aliuza ng'ombe ili amnunulie mashine ya kuchomelea vyuma. Soketi iko sebuleni, kazi iko uani. Kijana akachukua ekstensheni ya redio, mita 30, nusu yake ikiwa bado imeviringwa.

"Mjomba, tumeuziwa mashine mbovu," alinilalamikia. Elektrodi zilinata kwenye chuma, na waya ulinuka mpira unaoungua.

Mashine haikuwa na kosa. Mashine ndogo ya aina hiyo yaweza kuvuta ampia 20. Kwa mita 30, waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 hupoteza takriban volti 17 kati ya 240 zetu. Wa 2.5 hupoteza 11, na wa 4 hupoteza 7 hivi. Ule wa redio ni mwembamba kuliko hiyo yote. Nguvu inayopotea njiani hugeuka joto, na waya ulioviringwa hauna pa kulitolea. Hapo ndipo nyumba huungua.

Basi ukienda mjini Kisii kununua, kwanza soma ampia zilizoandikwa kwenye kibao cha mashine. Kwa ampia 20 na mita 15, waya wa 2.5 watosha, kwa mita 30, chukua wa 4. Hakikisha ndani mna nyaya tatu za shaba: kahawia, buluu, na ile ya kijani na manjano, ambayo ni ya ardhi. Huku kwetu Gusii mvua hainyimi, na uwanja wenye majimaji humkabidhi fundi kwa stima. Waya huo wa ardhi ndio mlinzi wake. Kabla ya kuanza kazi, kunjua waya wote.

Kumbuka pia kwamba plagi ya kawaida ni ya ampia 13. Mashine ikizidi hapo, mwite fundi wa stima mwenye leseni aiwekee laini na soketi yake. Usitie msumari mahali pa fyuzi!

Mpwa wangu alinung'unikia bei ya waya mnene. Nilimuuliza, ng'ombe wa mama yako aliuzwa kwa bei gani? Wahenga walisema, rahisi ghali.