Vimeng'enya vya ini pekee haviamui hatima ya mgonjwa

FAMILIA nyingi katika Kaunti ya Kakamega zinapoelezwa kwamba ini la jamaa yao limeharibika, wazo la kwanza huwa ni harambee. Ng'ombe huuzwa, kipande cha shamba hutafutiwa mnunuzi na safari ya India huanza kupangwa, kwa kuwa Wakenya wengi wanaohitaji kupandikizwa ini bado hutafuta huduma hiyo ng'ambo.

Hatari iko pale ambapo uamuzi mzito kama huo unaegemezwa kwenye karatasi moja ya maabara, inayoonyesha kwamba vimeng'enya vya ALT na AST vimepanda.

Vimeng'enya hivyo hukaa ndani ya seli za ini. Seli zikijeruhiwa na virusi vya homa ya ini, pombe, dawa au sumu, huvuja na kuingia katika damu. Kwa hivyo, kipimo hicho hueleza kwamba ini linaumia. Hakielezi ini hilo limebakiwa na nguvu kiasi gani.

Mgonjwa ambaye ini lake limejaa makovu kwa miaka mingi anaweza kuwa na viwango vinavyokaribia vya kawaida. Isitoshe, ini linapofeli ghafla, viwango vinaweza kushuka huku macho yakizidi kuwa manjano. Jamaa watashangilia, kumbe seli zilizosalia ni chache mno.

Ndiyo maana Marekani, ilipoanza mwaka wa 2002 kupanga foleni ya wanaosubiri ini kwa alama za MELD, ilitumia bilirubini, kasi ya damu kuganda (INR) na kreatinini, ambayo huonyesha hali ya figo. Alama hizo zimerekebishwa tangu hapo, lakini ALT na AST hazijaingizwa.

Hata MELD hutabiri zaidi nani yumo hatarini kufariki katika miezi mitatu akisubiri. Atakavyoishi baada ya upasuaji hutegemea pia umri wake, ubora wa ini alilopewa na muda ambao ini hilo lilikaa bila damu.

Vimeng'enya hupata uzito baada ya upasuaji. Kwa mujibu wa kigezo kilichochapishwa mwaka wa 2010, ini jipya huhesabiwa kuwa limeanza vibaya iwapo ALT au AST itapita yuniti 2,000 kwa lita katika siku saba za kwanza. Vilevile, huhesabiwa hivyo iwapo siku ya saba bilirubini itafika miligramu 10 kwa desilita, au INR itafika 1.6. Wagonjwa wa kundi hilo wamo katika hatari kubwa zaidi ya kulipoteza ini hilo au kufariki.

Miezi au miaka baadaye, viwango vikipanda tena, huenda mwili umeanza kulikataa ini. Wakati huo mgonjwa hayuko tena India. Yuko Lurambi, Shinyalu au Mumias, na anahitaji maabara ya karibu itakayompima mara kwa mara pamoja na kiwango cha dawa anazomeza maisha yake yote.

Hapa ndipo mjadala wa afya Kakamega unapaswa kupanuliwa. Kwa miaka mingi, siasa za kaunti zimezunguka hospitali mpya ya vitanda 750, mradi ulioanzishwa enzi za Gavana Wycliffe Oparanya na ukakwama. Vitanda ni muhimu, lakini bila vitendanishi vya maabara na wataalamu wa kusoma majibu, vitanda hivyo havitamwokoa aliyechangiwa mamilioni.

Kwa familia, ushauri ni mmoja. Kabla ya kuuza shamba, mwombeni daktari awaeleze bilirubini, INR na kreatinini za mgonjwa wenu, na mumuulize ni nani atakayemfuatilia akirudi nyumbani. Asiye na jibu la swali hilo la pili hajawa tayari kwa safari.