Taka za Kalerwe zina bei, zisiishie jalalani

Agosti 10, 2024, jalala la Kiteezi nje kidogo ya Kampala liliporomoka baada ya mvua kubwa na kufukia nyumba za majirani. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Tangu wakati huo mjadala umekuwa ni wapi pengine pa kumwaga taka. Ni nadra kuulizwa kwa nini taka za Kalerwe, Nakasero na Owino zimwagwe hata kidogo.

Maganda safi ya matoke tayari yana soko, kwani wenye ng'ombe huyanunua. Kinachokosa mnunuzi ni nyanya zilizopondeka, kabichi na maembe yaliyooza. Hapo ndipo nzi askari mweusi anapofaa. Funza wake hula taka hizo kwa muda wa wiki mbili hivi. Wakishatenganishwa na kukaushwa, huwa chakula cha kuku na samaki. Mabaki yao, meusi kama udongo, yakiachwa yakomae kwa wiki kadhaa huwa mbolea. Watafiti wa ICIPE jijini Nairobi wameijaribu kwenye mahindi, na mavuno yakaongezeka.

Mbolea hiyo inahitajika sana kwenye malisho. Mfugaji wa Wakiso au Mukono anayefugia ng'ombe zizini hukata majani ya tembo kila baada ya wiki 6 hadi 8, na kila mzigo huondoka na rutuba ya shamba. Asipoirudisha, majani hudumaa na maziwa hupungua. Mbolea ya viwandani hutoka ng'ambo kupitia Mombasa au Dar es Salaam, na mwaka 2022 vita vya Ukraine vilimkumbusha kila mkulima kwamba bei yake hupangwa mbali.

Wafanyabiashara wa Busia, Malaba na Mutukula wana nafasi hapa. Lori lililoshusha vitunguu Kampala linaweza kurudi na magunia ya mbolea kwa wafugaji wa upande wa pili. Lakini gunia lisilo na alama ya ubora, mbele ya mkaguzi wa mpakani, ni udongo tu, na udongo hauvuki ovyo. Kwa hiyo UNBS, KEBS na TBS wakubaliane kiwango kimoja cha mbolea ya funza, kinachotaja unyevu, virutubisho na vijidudu. Kisha mbolea hiyo iwe na nafasi isiyo na utata katika utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, unaohudumia mizigo isiyozidi dola 2,000. Mama mwenye magunia 20 asilazimike kutafuta wakala kana kwamba ana kontena.

Wapo watakaosema taka za mjini ni chafu mno. Wana hoja: betri, vioo na mifuko ya plastiki vikiingia, mbolea huharibika na sumu inaweza kufika kwenye majani anayokula ng'ombe. Ndiyo maana kazi huanzia kibandani. Magunia mawili, moja la vinavyooza na jingine la visivyooza, hayahitaji mkutano wa mawaziri. KCCA na viongozi wa masoko wanaweza kuanza na soko moja.

Serikali zikisubiriana, taka zitaendelea kurundikana. Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vinajua kudai haki ya mahindi na maziwa kuvuka. Vidai na hili, kabla jalala jipya halijawa Kiteezi nyingine.